Kabla hujachagua idara kwa namba yake

"Shikamoo Madam. Samahani kwa usumbufu. Nimepata udahili wa uzamili kwenye vyuo viwili Ulaya, kimoja ni cha 40 duniani, kingine cha 180 na kitu. Wafadhili wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Niende wapi?"

Ujumbe huo uliingia saa tano usiku, nikiwa na rundo la mitihani ya mwaka wa pili mezani na chai iliyokwisha kupoa. Niliitikia marahaba, nikamwambia asubiri asubuhi. Usingizi wenyewe haukuja. Swali lake lilikuwa langu miaka kumi na tatu iliyopita, ila mimi sikuwa na wa kumuuliza. Nilijijibu mwenyewe, nikakosea.

Wakati ule nilikuwa mkufunzi msaidizi, ndiyo kwanza nimeajiriwa, nataka kwenda kusoma isimu, yaani sayansi ya lugha. Nilichotaka kuandika nilikijua: toni za vitenzi vya Kihehe, lugha ya bibi yangu wa Iringa. Toni ni kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kubadili maana ya neno. Kiswahili hakina toni, kwa hiyo wengi wetu tuliokulia nacho hatuzisikii. Bibi alikuwa akinicheka kila nilipotamka kitenzi, anasema nimekinyoosha kama kamba ya kuanikia nguo. Basi nikafungua orodha ya dunia ya somo la isimu, nikaanza kuteremka kutoka juu. MIT ya Marekani, ambayo mara nyingi ndiyo huongoza orodha hiyo, niliiruka kwa adabu. Niliomba vyuo vinne, viwili vikanikubali, nikachukua chenye namba ndogo. Sikuangalia kitu kingine. Hata mtu mmoja wa idara ile sikumjua kwa jina.

Kikao cha kwanza na msimamizi nakikumbuka mpaka harufu ya kahawa. Alikuwa muungwana sana, mtaalamu wa jinsi watoto wadogo wanavyojifunza sentensi za Kiingereza. Akaniuliza Kihehe kinasemwa wapi. Nikamwonyesha ramani. Akaniuliza kama lugha hiyo ina kamusi. Halafu akanyamaza kidogo, akasema kwa upole kwamba pale idarani hakuna mtu anayeshughulika na toni za Kibantu. Aliyekuwepo alihama miaka miwili nyuma. Jina la huyo aliyehama lilikuwa bado kwenye ukurasa wa idara, na picha yake anatabasamu. Maktaba ilikuwa na rafu moja ya Afrika Mashariki, na sehemu kubwa ya rafu hiyo ilikuwa nakala za sarufi moja ya Kiswahili.

Niliandika kuhusu tungo rejeshi za Kiswahili, kwa sababu ndicho kitu ambacho msimamizi aliweza kukifuatilia. Nikafaulu vizuri. Wala sisemi idara ile ilikuwa mbaya. Nadharia ya fonolojia, yaani mifumo ya sauti za lugha, niliyofundishwa pale ndiyo ninayoifundisha mpaka leo. Lakini bibi alifariki mwaka huohuo, na yale niliyotaka kumrekodi sikumrekodi.

Sasa, namba ile iliyonipeleka kule ilitoka wapi? Nilikuja kujua baadaye, tena kwa kushiriki kuipika.

Nilipomaliza uzamivu nililetewa dodoso kwa barua pepe kutoka kwa QS, wanaotoa orodha zinazotajwa sana. Za somo kwa somo walianza kuzitoa 2011. Unaulizwa fani yako, kisha unatakiwa kutaja vyuo unavyoona ni bora katika fani hiyo: mpaka 10 vya nchini mwako na mpaka 30 vya nje. Chuo chako mwenyewe huruhusiwi kukitaja. Nilijaza kwa simu nikiwa kwenye foleni ya benki. Viwili vya kwanza vya nje niliviandika kwa uhakika, maana watu wake nawasoma na nimewahi kukaa nao meza moja kwenye kongamano. Cha tatu nilisita. Kuanzia cha tano nikawa nataja majina kama mtu anayetaja timu za mpira za Uingereza, kwa kuwa ameyasikia tu. Na katika hayo nikakiandika chuo changu cha uzamili, kilekile ambacho hakikuwa na mtu wa toni. Karani akaita namba yangu, nikabonyeza kutuma.

Maoni ya aina hiyo ndiyo yanayoitwa sifa ya kitaaluma. Katika orodha kuu ya QS yalikuwa asilimia 40 ya alama zote kwa miaka mingi, siku hizi ni 30. Kwenye orodha za masomo uzito hubadilika, na kwa masomo ya lugha dodoso ndilo hubeba mzigo mkubwa. Sitaki kusema ni upuuzi. Watu wengi wakikitaja chuo kilekile, kipo kitu pale. Ila wanakitaja kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huchelewa: mtu anahama leo, sifa yake inabaki idarani miaka kadhaa ikiendelea kuvuna kura.

Wengine huhesabu vitu badala ya maoni. Orodha ya Shanghai, iliyoanza 2003, inachukua asilimia 30 ya alama kutokana na tuzo za Nobel na medali za Fields za hisabati walizopata wahitimu na walimu wa chuo. Isimu haina Nobel. Historia haina. Mwanafunzi wa isimu anayechagua chuo kwa orodha hiyo anachagua kwa sifa za maabara ambazo hatakanyaga. Kwa hiyo namba ya chuo kizima weka pembeni kwanza. Hiyo 40 na hiyo 180 za binti aliyeniandikia zilikuwa za chuo, si za idara. Nilipomwambia atafute za idara, zile za 40 na 180 zilisogeleana mpaka zikawa kapu moja, maana ukishuka chini kwenye orodha za masomo hupewi hata namba, unapewa fungu: 51 hadi 100, 101 hadi 150.

Na namba ya idara nayo ina mambo yake. Mwaka 2014 U.S. News walitoa orodha ya vyuo vya dunia, na katika hisabati Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz cha Jeddah kikashika nafasi ya saba. Miaka mitatu kabla ya hapo, jarida la Science lilikuwa limeeleza jinsi chuo hicho kilivyokuwa kikiwapa wanasayansi wa nje wanaonukuliwa sana mikataba ya takriban dola 72,000 kwa mwaka. Walitakiwa kufika Jeddah wiki chache tu, na kukiandika chuo hicho kama anwani yao ya pili. Ukienda pale kusoma hisabati kwa sababu ya ile saba, unayemfuata huenda yuko kwao, na Jeddah anafika kama mgeni. Mwaka 2010 Times Higher Education walikiweka Chuo Kikuu cha Alexandria cha Misri nafasi ya 147, na kwa kipengele cha kunukuliwa peke yake kikawa cha nne duniani. Sehemu kubwa ya hayo ilitokana na mtu mmoja aliyekuwa akichapisha makala nyingi kwenye jarida alilolihariri mwenyewe.

Msidhani ni sisi wa huku tu. Columbia, New York, kilikuwa cha pili Marekani kwenye orodha ya U.S. News mpaka profesa wake mwenyewe wa hisabati, Michael Thaddeus, alipokaa chini mwaka 2022 akakagua takwimu ambazo chuo kilikuwa kimepeleka. Chuo kilidai asilimia 82.5 ya madarasa yana wanafunzi chini ya 20. Kilipohesabu upya ikawa kama 57. Septemba ya mwaka huohuo kikateremshwa hadi nafasi ya 18. Yaani madarasa ni yaleyale, walimu ni walewale, nafasi kumi na sita zimekwenda.

Kuna wanaojaribu kupima idara kwa uangalifu zaidi, na hizi ndizo ningependa mzisome kama mnaomba ufadhili wa Chevening au Commonwealth wa kusoma Uingereza. Uingereza wana tathmini ya utafiti iitwayo REF. Ya mwisho kutolewa ni ya 2021. Hapo hawaulizi watu wamesikia nini. Majopo ya wataalamu husoma kazi zenyewe, yakazipa nyota, nne zikiwa za juu kabisa, na fedha za serikali za utafiti hufuata nyota hizo. Machapisho yana asilimia 60, athari za utafiti nje ya chuo 25, mazingira ya utafiti 15. Fani zimegawanywa 34. Angalia lakini: isimu imetiwa kapu moja na lugha za kigeni, kwa hiyo nyota unazozisoma huenda ni za watu wa fasihi ya Kifaransa. Na hakuna hata nyota moja inayosema kama wanafundisha vizuri.

Wajerumani, kupitia kituo chao cha elimu ya juu kiitwacho CHE, wanakataa kabisa kupanga namba. Wanaweka idara katika makundi matatu, la juu, la kati na la mwisho, kipengele kwa kipengele, na wanafunzi wenyewe huulizwa. Wamarekani nao mwaka 2010, kupitia Baraza la Taifa la Utafiti, walitoa tathmini ya programu za uzamivu zaidi ya 5,000 na badala ya nafasi moja wakatoa masafa, tuseme kati ya 12 na 31. Watu walilalamika sana, wengine kwa sababu takwimu zilikuwa za miaka minne nyuma, wengine kwa sababu hawakupata namba ya kuandika kwenye bango. Mimi naona masafa yale ndiyo ukweli wenyewe. Huku kwetu tunapenda mabango. Kila Januari na Julai matokeo ya Webometrics yakitoka utaona vyuo vinapongezana, wakati kitu kinachopimwa pale kwa sehemu kubwa ni uwepo wa chuo kwenye mtandao.

Kwa mtu wa lugha za Afrika tatizo ni kubwa zaidi. Mradi wa Lugha za Tanzania ulianza 2001 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa fedha za Sida, shirika la misaada la Sweden, na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Göteborg cha hukohuko Sweden. Ukatoa msamiati wa lugha moja baada ya nyingine, na mwaka 2009 ukatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Kazi kama hizi ndizo ninazozifungua kila wiki. Kwenye hesabu ya manukuu ya Scopus, hifadhidata ya machapisho ya kitaaluma ambayo QS na Times Higher Education huitumia, kitabu kilichochapwa Dar es Salaam hakina sauti. Na makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yenye hazina ya mizizi ya maneno ya Kibantu ambayo kila mmoja wetu anaichimba, si chuo; hata ikitaka namba haiwezi kupewa.

Asubuhi nilimpigia yule binti, nikamwambia afunge orodha, afungue kurasa za watu. Unataka kuandika nini? Nani pale amechapisha juu ya hicho katika miaka mitano iliyopita? Ukimpata, mwandikie kabla hujakubali nafasi, umuulize mambo mawili bila kuona haya: mwaka kesho utakuwepo, na sasa hivi unasimamia wanafunzi wangapi. Watu wanastaafu, wanahama, wanachukua likizo ya utafiti ya mwaka mzima, na ukurasa wa idara ndio wa mwisho kujua.

Kisha ingia kwenye hifadhi ya tasnifu ya chuo. Nyingi ziko wazi. Tafuta mada inayokaribiana na yako, usome ukurasa wa shukrani. Mimi huko ndiko nilikomwona msimamizi wangu wa uzamivu: tasnifu tatu za miaka tofauti, zote za toni, zote zikimshukuru mtu mmoja kwa kurudisha rasimu haraka. Idara yake kwenye orodha ilikuwa chini sana kuliko ile ya kwanza. Toni za Kihehe niliziandika hapo, kwa sauti ya dada yake bibi.

Halafu omba kuzungumza na mwanafunzi aliyepo. Piga simu, usiandike. Kwa maandishi kila mtu anaipenda idara yake. Muulize mara ya mwisho rasimu yake ilirudi baada ya siku ngapi. Muulize kama idara ilimpa nauli ya kwenda uwandani au alijitafutia. Akisita kabla ya kujibu, sikiliza huo mkato.

Na wale mnaohofia kwamba namba kubwa itawaharibia kazi mkirudi: TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ikitambua shahada yako inaangalia kama chuo na programu vina ithibati kwao. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza nafasi ya chuo changu, isipokuwa shemeji yangu kwenye harusi.

Binti aliandika barua zake Jumanne, vyuo vyote viwili. Nakiri nilikuwa nimeshajipanga kusikia kwamba kile kikubwa kimemtumia kiungo cha tovuti. Sivyo. Kile cha 40 kilijibu kesho yake, na aliyejibu ni mwalimu mwenyewe: atakuwepo, ana wanafunzi watatu, mmoja Mkenya, na namba ya simu ya huyo Mkenya ikaambatanishwa. Kile cha 180 mpaka naandika hapa hakijajibu. Ameshampigia Mkenya. Rasimu zinarudi baada ya wiki mbili, na koti aje nalo, asingoje kununua kule.