Bia nyeusi ya Wajerumani sio nzito kama mnavyodhani

Tangu nigusie lager nyeusi ya Wajerumani, Schwarzbier, toleo lililopita maswali yamemiminika, na nimefurahi kweli maana hii ndo bia naipenda kuliko zote na naona watu wanaikimbia kwa sababu ya rangi tu. Nimechagua machache, yaliyofanana nimeyaunganisha.

*Habari kaka. Niko Leipzig nasoma, na wenzangu wa kazini wamenizawadia chupa za Schwarzbier kutoka kiwanda kidogo cha huko Thuringia. Mimi nyumbani bia nyeusi niliyoijua ni Guinness, na siiwezi kabisa, inanikaba. Chupa ziko kwenye friji naziangalia tu. Nianzie wapi? – Msomaji, Leipzig*

Mdogo wangu fungua hizo chupa, tena hapo ulipo ndo penyewe kabisa. Bad Köstritz, mji ambao kiwanda chake cha bia kinatajwa tangu 1543, uko hukohuko Thuringia, sio mbali na wewe, na Köstritzer yao ya leo ina kileo asilimia 4.8, yaani ni lager ya kawaida tu kwa nguvu. Viwanda vidogo vingi vinavyopika Schwarzbier navyo vinacheza humohumo, kati ya asilimia 4.5 na 5 na kidogo. Nguvu ya bia haionekani kwa rangi, rangi inatoka kwenye kimea (shayiri iliyooteshwa) kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi, na mpishi anaweka kidogo tu, asilimia chache za nafaka yote, kilichobaki ni kimea cha kawaida cheupe pamoja na kile cha Munich chenye rangi ya kahawia.

Sasa tofauti na Guinness. Ile ni stauti, inapikwa kwa hamira inayopenda joto na inawekwa shayiri iliyokaangwa bila kuoteshwa kwanza, ndo maana ina ule uchungu mkavu wa kahawa, na ile ya chupa inayouzwa kwetu Afrika Mashariki ina kileo zaidi pia. Schwarzbier ni lager, hamira yake inafanya kazi polepole kwenye nyuzi kama 10 hivi, halafu bia inalazwa kwenye tangi la baridi karibu na sifuri kwa wiki kadhaa, huko ndo inatulia, inakuwa safi na nyepesi mdomoni. Na kuna kitu kingine ambacho wapishi wadogo wanakipenda sana: pale Bamberg kuna kampuni ya kimea inaitwa Weyermann, ipo tangu 1879, wanatoa kimea cheusi ambacho punje zimemenywa ganda kabla ya kukaangwa, na kwa kuwa ule ukali wa kuungua unakaa sana kwenye ganda, unapata rangi bila kukwaruzwa koo. Kwahiyo kilichokukaba kule hapa hutakikuta.

Kuionja: itoe kwenye friji dakika 15 hivi kabla, maana ikiwa baridi sana ulimi unakufa ganzi na hupati chochote (najua kwetu tunataka bia mpaka chupa itoe jasho, ila kwa hii nakuomba univumilie), nyuzi 8 mpaka 10 inatosha. Glasi isuuze vizuri isibaki sabuni wala mafuta, vinginevyo povu linakatika hapohapo. Mimina ukiilaza glasi halafu uiinue mwishoni ili povu lipande, linatakiwa liwe na rangi ya krimu na likae. Kabla hujanywa iinue kwenye taa. Hapo utaona kitu kizuri, katikati ni nyeusi lakini pembeni na chini kwenye kitako inawaka wekundu wa damu ya mzee, na ikiwa imetengenezwa vizuri ni angavu, haina ukungu. Nusa. Unatafuta ganda la mkate uliotoka kwenye oveni, kakao kidogo, kahawa kwa mbali sana. Kisha piga funda la kwanza ulizungushe mdomoni usilimeze haraka, mwanzoni utasikia utamu wa kimea, katikati ule ukaango, na mwisho hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zinakuja kufunga kwa uchungu mdogo na mdomo unabaki mkavu unaotaka funda lingine. Ukimaliza nusu glasi rudi unuse tena, imeshapata joto kidogo, utakuta vitu ambavyo mwanzo havikuwepo.

*Nimenunua kopo la lager nyeusi ya kraft hapa Nairobi, bei imesimama kweli. Nimefungua inanuka siagi, halafu nyuma kama mahindi ya kuchemsha. Hiyo ndo ladha ya Kijerumani au nimeuziwa kitu kibovu? – Msomaji, Nairobi*

Pole ndugu yangu, hiyo sio ladha ya Kijerumani hata kidogo. Haitakudhuru, lakini ni kasoro, tena kasoro mbili tofauti.

Ile siagi inatengenezwa na hamira yenyewe wakati inachachua, na ni hamira hiyohiyo ambayo ikiachiwa muda inarudi kuila yote ikaisha. Ukiisikia kwenye lager mara nyingi maana yake mpishi alifanya haraka. Na hapa nataka niwatetee kidogo wapishi wadogo, lager inakalia tangi wiki sita au zaidi wakati eli, bia ya ile hamira inayopenda joto, ingeshatoka kwa wiki mbili tatu, sasa mtu ana matangi machache na kodi inamsubiri unadhani atafanya nini? Ndo sababu pia bei inasimama, maana kimea na hopsi nyingi zinatoka nje. Ila mimi msimamo wangu ni kwamba kama huwezi kuisubiri usiipike, pika eli, hakuna ubaya wowote.

Mahindi ya kuchemsha ni suala la jikoni. Kimea kina kitu ambacho kikipata moto kinageuka kuwa hewa yenye salfa, na inatakiwa iondoke na mvuke wakati maji ya kimea yanachemka. Sufuria ikichemka kivivu, au ikifunikwa, au maji yakichelewa kupozwa, harufu inabaki ndani. Ungesikia kartoni iliyolowa ningekwambia ni bia iliyozeeka au iliyokaa kwenye joto, na siki kwenye bia ya bomba mara nyingi ni mipira michafu ya baa. Next time angalia tarehe kwenye kopo, uliza kama dukani wanaiweka kwenye baridi muda wote, na hii ya sasa waandikie waliopika, waambie ulichosikia na namba ya kopo. Mpishi wa kweli anataka kujua.

*Si Wajerumani wana sheria ya 1516 kwamba bia ni maji, shayiri na hopsi basi? Mbona nimeonja nyeusi yao ina sukari? – Msomaji, Dar es Salaam*

Sheria hiyo ilitangazwa Ingolstadt, Bavaria, na hamira haikutajwa kabisa. Kuhusu sukari wewe haujakosea, kule Neuzelle jimbo la Brandenburg kuna kiwanda cha zamani cha watawa kinachopika nyeusi inayoitwa Schwarzer Abt na wanaweka sukari, serikali ya jimbo ikawakatalia kuiita bia, wakapelekana mahakamani miaka na miaka mpaka 2005 mahakama kuu ya masuala ya utawala ikasema wanaweza kuiuza kama bia. Mimi niliwafurahia. Lakini utamu sio lazima uwe sukari, Dunkel, lager nyingine ya rangi nzito ya Munich, ina utamu wa mkate unaotoka kwenye kimea chenyewe, labda ndo uliyoonja.

*Nina mtoto wa miezi mitatu, mama mkwe anasema ninywe bia nyeusi maziwa yaongezeke na damu pia. – Msomaji, Mwanza*

Dada yangu hapana. Hata Ulaya zamani bia nyeusi ilikuwa inanadiwa kwa wanaonyonyesha kama chakula cha kuwajenga, kwahiyo mama mkwe hakujitungia, mheshimu na umwelekeze taratibu. Ila kileo kinaingia kwenye maziwa, na kinaweza kuyafanya yatoke kidogo badala ya mengi. Maziwa yakipungua au damu ikiwa chini nenda kliniki.

*Naila na nini? – wengi*

Nyama choma, bila kufikiria mara mbili, kile kilichoungua pembeni ya nyama na kile kilichokaangwa kwenye kimea vinaelewana. Kwa wanaokula kitimoto, Wafrankoni kule kaskazini mwa Bavaria wanashusha bega la nguruwe la kuoka lenye ngozi iliyokauka kwa bia nyeusi, na kitimoto ya kuchoma na ndizi inafika hapohapo. Pilipili weka kidogo tu, ikizidi itafunika ule mkate wote na utabaki unanywa baridi.