Kutafuta nywele za zamani kwenye daladala

Dada yangu, unauliza kama ni vibaya wewe na mdogo wako kushindana kuona mitindo ya nywele ya zamani mkiwa kwenye daladala. Si vibaya, ila msinyooshe kidole wala kupiga picha. Mimi huangalia kola kwanza: mwenye kalikiti, ule mtindo wa nywele zilizotiwa dawa zikajikunja na kung'aa, uliovuma miaka ya 1980, huacha alama ya mafuta kwenye shati, maana nywele hizo zisipopuliziwa dawa ya kuzilainisha kila siku zinakauka. Lakini nywele za uzi msizihesabu kabisa, maana bado zinasukwa hadi leo! Mama aliyezungushia uzi mweusi kutoka shinani hadi nchani ananyoosha nywele bila moto wala dawa. Huyo mwamkie, “Shikamoo mama, umependeza,” kisha umuulize anasukwa wapi.