Vipepeo wa Nairobi: maswali yenu baada ya mvua

Mvua ikishalowesha jiji vizuri, maswali kuhusu vipepeo huwa mengi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Nimechagua yale yanayoulizwa na wengi, na yanayofanana nimeyaunganisha. Majina sijayataja, mtaa tu.

SWALI: Nimeenda msitu wa Karura mwezi wa Julai, nikazunguka asubuhi nzima na sikuona kipepeo wa maana. Vipepeo wa Nairobi wameisha? (Kasarani)

JIBU: Hawajaisha, ndugu yangu. Ulienda wakati wamejificha. Kipepeo hajitengenezei joto kama sisi. Misuli ya mbawa zake haifanyi kazi sawasawa mpaka mwili ufikie karibu nyuzi 30, na joto hilo analipata kwa kujianika juani. Sasa fikiria Nairobi, mji ulioko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kuanzia Juni hadi Agosti wingu hulala juu ya paa hadi adhuhuri, na siku nyingine kutwa. Kipepeo atatoka kufanya nini? Anakaa chini ya jani akisubiri. Lakini hata Julai, jua likichungulia kwa nusu saa tu, simama mahali penye uwazi ukingoni mwa msitu. Utawaona wametandaza mbawa juu ya majani, na wametulia kiasi kwamba hata simu ya kawaida itakupa picha nzuri.

Ukitaka wingi, fuata majani machanga. Masika, kati ya Machi na Mei, huchipusha kila kitu. Majike hutaga kwenye machipukizi hayo, mayai huanguliwa baada ya siku chache, viwavi hula kwa wiki mbili hadi nne, kisha hukaa ndani ya pupa, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, wiki moja, mbili, au zaidi kukiwa na baridi. Piga hesabu hiyo utaona kwa nini siku ya kwanza ya mvua haina kitu. Wimbi linakuja mvua ikishashika mwezi mmoja au zaidi: mwisho wa Aprili, Mei yote, na siku chache za Juni kabla ya baridi. Vuli nayo inatupa Novemba hadi Januari, na mimi nikiambiwa nichague mwezi mmoja nitachagua Desemba bila kusita, kwa sababu jua na majani vinakutana. Februari, nchi ikikauka, wengi husogea kwenye maji. Hapo nenda kando ya Mto Karura ukatazame tope. Vipepeo wanaokusanyika hapo wakinyonya ni madume karibu wote. Wanatafuta chumvi, na sehemu ya chumvi hiyo humpa jike wakati wa kupandana, naye huipitisha kwenye mayai.

Kuhusu saa, usijihangaishe kudamka. Watu wa ndege wana alfajiri yao. Sisi tunaanza saa tatu, na kazi yenyewe inakolea kuanzia saa nne hadi saa saba.

SWALI: Kuna wakati vipepeo weupe hupita barabarani mamia kwa mamia, wote wakielekea upande mmoja. Wanatoka wapi? (Dereva wa matatu, Rongai)

JIBU: Wengi wao ni Belenois aurota, mweupe mwenye mishipa ya rangi ya kahawia na kingo nyeusi. Kwao ni nyika: Kajiado, Ukambani, kote kwenye vichaka vikavu. Viwavi wake hula miti ya jamii moja tu, ile ya Maerua, Boscia na Capparis, ambayo imejaa huko na huku mjini ni ya kutafuta. Mvua ikinyesha vizuri nyikani, miti hiyo hutoa majani mapya kwa pamoja na kizazi kizima cha viwavi hupata chakula kwa mpigo. Wanakula mpaka miti inabaki vijiti. Wakishatoka kwenye pupa hawana pa kutaga tena, na hapo ndipo safari inapoanza.

Ukiwatazama vizuri utaona hawapepesuki kama kipepeo wa bustanini. Wanaruka chini, kimo cha mtu au kidogo zaidi, na wakifikia nyumba hawazunguki. Wanapanda juu ya paa, wanashuka upande wa pili na kuendelea na mwelekeo uleule. Kati yao mara nyingi kuna wakubwa zaidi, weupe wa kijani au manjano hafifu. Hao ni Catopsilia florella, ambao viwavi wao hula miti ya jamii ya Senna na Cassia, ile yenye maua ya manjano iliyopandwa kando ya barabara nyingi za Nairobi.

Ombi langu kwako na kwa madereva wenzako: mkiwaona, niandikieni tarehe, saa, mahali, na walikuwa wakielekea upande gani. Nyinyi mko barabarani kutwa, kutoka Kiserian hadi mjini. Hakuna mwanachama wa kundi letu la kuhesabu vipepeo anayeweza kuona eneo kubwa hivyo kwa siku moja.

SWALI: Mlimau wangu umejaa viwavi. Wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege, wakubwa ni wa kijani na ukiwagusa wanatoa harufu mbaya. Nipulize dawa gani? (Mama, Umoja)

JIBU: Mama, weka pampu chini kwanza. Hao wote ni watoto wa kipepeo mmoja, Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano ambaye bila shaka umemwona akiuzunguka huo mlimau. Akiwa mdogo, kiwavi ana rangi ya kahawia yenye paku jeupe, na ndege humpita bila kumjali. Akijivua ngozi kwa mara ya mwisho hugeuka kijani, akapotelea kwenye majani. Harufu inatoka kwenye pembe mbili laini anazozichomoza nyuma ya kichwa akishtuka. Hazichomi wala haziwashi. Ni silaha yake dhidi ya sisimizi na maadui wengine wadogo, na mtoto akimshika hatapata madhara yoyote.

Mlimau uliokomaa hauuawi na viwavi hawa. Wanakula majani, mti unachipua tena. Mwenye shida ni mche: viwavi watano wakubwa wanaweza kuunyoa wote. Kama wako ni mche, watoe kwa mkono uwahamishie mlimau, mndimu au mchungwa mkubwa wa jirani, kwa ruhusa yake. Dawa haichagui. Inaua nyuki wanaokutengenezea malimau, na inaua nyigu wadogo sana ambao hutaga ndani ya viwavi hao na kupunguza idadi yao bila wewe kulipa senti. Kisha malimau hayohayo unayakamulia chai.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mlimau na mchungwa asili yake ni Asia. Kabla havijaletwa huku, kipepeo huyu aliishi kwa miti yetu ya porini ya jamii hiyohiyo, kama vile Vepris na Clausena. Yeye alibahatika kupata chakula kipya mjini. Ndugu yake Papilio dardanus, ambaye dume lake ni la rangi ya maziwa na lina mikia, angali anaitegemea miti ile ya msituni, na ndiyo maana utamkuta Karura na City Park, si Umoja. Unapoona watu wakifyeka vichaka vya chini msituni ili pawe pasafi, wanamwondolea yeye mahali pa kutaga.

Na siku ukikuta kiwavi mnene ametoweka mtini, mtafute karibu, hata kwenye ukuta. Huenda amejifunga kiunoni kwa uzi wa hariri na amekuwa pupa. Mwache.

SWALI: Ni kweli unga wa kipepeo unapofusha macho? (Mwanafunzi, Kibra)

JIBU: Si kweli. Ule unga ni magamba madogo sana yaliyopangwa juu ya mbawa, na ndiyo yanayobeba rangi na michoro. Ukimshika kipepeo, anayeumia ni yeye, kwa sababu magamba yakitoka hayaoti tena.

SWALI: Karibu na Kitengela kuna kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mbawa nyeusi na nyeupe, anaruka polepole kama asiyeogopa. Mbona ndege hawamli? (Kitengela)

JIBU: Huyo ni Danaus chrysippus, na mahali unapoishi ni pazuri kuliko unavyojua. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, kama Gomphocarpus inayoota kwenye nyasi za huko. Sumu hiyo, inayodhuru moyo, hubaki mwilini hata akishapata mbawa. Ndege akimla hutapika, na akishaionja mara moja harudii. Ndiyo sababu ya kuruka polepole: anataka aonekane na atambulike.

Jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, limejipatia rangi zilezile ingawa halina sumu. Dume lake halifanani nalo hata kidogo. Ni jeusi, na kila bawa lina doa kubwa jeupe lenye mng'ao wa zambarau pembeni. Wanachama wapya hubishana sana kuhusu picha za jike huyu. Tazama ubawa wa nyuma: Danaus ana madoa machache meusi katikati, mwigaji anakuwa na doa moja tu ukingoni mwa mbele.

Jambo lingine kuhusu eneo hili la Nairobi limewashangaza hata wataalamu. Majike mengi ya Danaus hapa yamebeba bakteria aina ya Spiroplasma, ambayo jike humrithisha mtoto kupitia yai na ambayo huwaua watoto wa kiume wakiwa bado wachanga kabisa. Matokeo yake ni mama anayezaa mabinti watupu. Ukikaa mahali ukaona majike kumi na dume moja, usidhani umekosea kuhesabu. Andika ulichoona. Dume lina doa jeusi la ziada kwenye ubawa wa nyuma, na akitulia juu ya maua linaonekana wazi.

SWALI: Nina picha mbili nilizopiga bustani moja, Karen. Mmoja ni wa buluu, mwingine mwekundu wa chungwa, lakini umbo ni lilelile. Ni wawili au mmoja? (Karen)

JIBU: Mmoja: Precis octavia. Yule mwekundu huzaliwa wakati wa mvua, yule wa buluu ni wa kiangazi. Joto anamokulia kiwavi na pupa ndilo linaloamua kwa sehemu kubwa. Yai la mama mwekundu linaweza kutoa mtoto wa buluu. Tafadhali nitumie na tarehe za picha hizo, kwa kuwa bila tarehe ni picha nzuri tu, zikiwa nazo zinatueleza msimu uligeuka lini.

SWALI: Nataka kujiunga na kundi lenu. Ninunue wavu? Na huwa mnafanya nini hasa? (Kahawa West)

JIBU: Usinunue wavu. Njoo na kofia, maji, kijitabu na simu, na kama una darubini inayoweza kulenga karibu, itakufaa kuliko wavu. Kukusanya wadudu msituni kunahitaji kibali, na vielelezo vya kutosha kwa kujifunza viko tayari Makumbusho ya Taifa.

Kazi yetu ya msingi ni kuhesabu. Tunatembea polepole kwenye njia ileile, tukiandika kila kipepeo aliye ndani ya mita mbili na nusu kulia na kushoto, na mita tano mbele. Utaratibu huu ulianza Uingereza miaka ya 1970, na nguvu yake ni kurudia. Hesabu ya siku moja haina uzito, lakini njia ileile ikitembewa masika na vuli, mwaka baada ya mwaka, inaonyesha nani anapungua. Kenya ina takriban aina 900 za vipepeo. Usiogope idadi hiyo. Aina kama ishirini zitakutosha kuanzia kwa matembezi ya mjini.

Sehemu wanayoipenda wengi ni mtego wa ndizi. Tunachachisha ndizi zilizoiva kupita kiasi na sukari, tunazitundika chini ya chandarua kwenye kivuli, tunasubiri. Wanaokuja ni Charaxes, wenye miili minene na mbio za ajabu, ambao maua hawana habari nayo. Wanataka matunda yaliyochacha, utomvu wa mti, hata mavi ya mnyama. Charaxes candiope, wa rangi ya dhahabu na kahawia, viwavi wake hula mikinduri, kwa hiyo tunatundika karibu na miti hiyo. Tukishamtambua tunafungua chandarua.

Tunatembea kwa makundi, hatuachi mtu nyuma. Na tukiwa Karura huwa nawakumbusha vijana kwamba msitu huu wa zaidi ya hekta 1,000 ulikuwa ugawanywe kwa majengo, na kwamba Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa hadi akatokwa na damu kwa kujaribu kupanda mti pale. Wanastahili kulijua hilo wanapokanyaga hizo njia.

SWALI: Ninaishi ghorofa ya nne, Pipeline. Kuna ninachoweza kupanda? (Pipeline)

JIBU: Kama roshani yako inapata jua, ndiyo. Pentas, mmea wetu wa asili, hunawiri kwenye kopo na una asali nzuri. Plumbago ya samawati ni bora zaidi, maana vipepeo wadogo wa buluu hutaga kwenye vichomozo vya maua yake, hivyo unapata familia nzima. Lantana usipande, hata ukiona vipepeo wanaipenda. Inavamia misitu na malisho, na ni sumu kwa ng'ombe.

SWALI: Dada yangu anaolewa Desemba na anataka vipepeo waachiliwe kutoka kwenye maboksi. Tunaweza kuwapata wapi? (Lang'ata)

JIBU: Hongera kwa dada. Lakini nakusihi msifanye hivyo. Ufugaji wenyewe si mbaya: kule Gede, mradi wa Kipepeo ulioanza 1993 huwapa wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kipato kwa kufuga pupa wanaouzwa kwa maonyesho ya ng'ambo, nao wanapata sababu ya kuutunza msitu. Ila kipepeo wa joto la pwani akifunguliwa kwenye boksi hapa Nairobi, wengi huanguka kwenye nyasi mbele ya wageni, wengine wakiwa wamekufa. Chagueni bustani yenye maua na miti ya asili, na picha za maharusi mzipige kati ya saa nne na saa saba. Desemba, kukiwa na jua, watakuja bila kununuliwa.