Kifurushi cha 200, spidi inagota 94: usinunue ruta nyingine kwanza

Mkuu, nimekusoma: umetoka kifurushi cha intaneti cha megabiti 50 kwa sekunde ukapanda cha 200, ukipima ukiwa umesimama kando ya ruta inagota 94, chumbani haifiki hata 20, na sasa unataka kununua ruta "yenye antena sita". Shikilia hela yako kidogo. Hiyo 94 naijua, nimeishi nayo miezi mitatu.

Nilikuwa nawapigia simu watoa huduma mpaka wakaanza kuitambua sauti yangu. Wao wanasema 200 inafika kwako salama, mimi nasema mnaniibia. Mwishowe nikanunua ruta mpya, nikaichomeka kwa mbwembwe zote, nikapima: 94. Ilikaa hivyo mpaka siku moja nilipochomoa ule waya mfupi unaotoka kwenye modemu kwenda kwenye ruta, nikamulika kichwa chake kwa tochi ya simu. Kile kichwa cha plastiki kinaangaza, unaona mpaka ndani. Kina nafasi nane. Mle ndani mlikuwa na nyuzi nne tu! Ulikuwa waya wa bure uliokuja na ruta ya miaka ya nyuma, nami kila nikibadilisha kifaa nauhamisha kwa sababu "bado mzima".

Sasa ukweli ni kwamba waya wa namna hiyo hauwezi kupitisha gigabiti (megabiti 1000) mpaka nyuzi zote nane zifanye kazi. Zikiwepo nne tu, vifaa viwili vinaelewana kimyakimya kushuka mpaka megabiti 100. Hata uzi mmoja ukikatika ndani ya waya wa nyuzi nane, mara nyingi ndivyo inavyokuwa, na hakuna taa nyekundu wala ujumbe wa kukuambia. Na katika hizo 100, kuna sehemu inayoliwa na maelezo yanayosindikiza data, anwani na mengineyo, kwa hiyo kipimo kinakuonyesha 94 au 95. Ndiyo maana nikiona mtu ametaja namba hiyo siulizi kwanza kuhusu kifurushi. Niliweka waya wa Cat5e, yaani wa nyuzi nane unaobeba gigabiti, dakika hiyohiyo ikasoma 190 na ushee. Ruta ya zamani haikuwa na kosa lolote, na nilikuwa nimeshaigawa.

Ukikuta nyuzi ni nane, geuza ruta usome lebo au maelezo yake. Tundu la kuingizia intaneti likiwa limeandikwa 10/100 bila 1000, umempata mchawi. Kuna ruta zina antena kama nungunungu, boksi limeandikwa 1200 kwa herufi kubwa, lakini tundu lenyewe ni la 100. Na hiyo 1200 usiichukulie kama spidi: wamejumlisha 300 ya bendi (masafa ya redio ya Wi-Fi) ya gigahezi 2.4 na 867 ya bendi ya gigahezi 5, wakakuza kidogo. Simu yako inatumia bendi moja kwa wakati, na hata hiyo 867 ni ya kwenye karatasi.

Modemu ni habari nyingine, na watu wengi wanaichanganya na ruta kwa sababu siku hizi zinakaa ndani ya boksi moja. Modemu inatafsiri ishara inayoingia nyumbani, ruta inagawa. Kama laini yako ni ya faiba, kile kiboksi cha ukutani mara chache ndicho kinachobana. Kama ni kebo ya aina ya televisheni, angalia kizazi chake, kinachoandikwa kwa jina la DOCSIS, kiwango cha modemu za kebo: modemu ya DOCSIS 2.0 inaishia kwenye megabiti 38 hivi hata ulipie 500, inabidi iwe 3.0 au 3.1. Kama ni laini ya simu ya shaba, umbali kutoka kituo chao ndio unaoamua, hakuna modemu itakayofanya muujiza.

Kujua kosa liko wapi, chukua laptopu yenye tundu la gigabiti, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye modemu, pima. Kisha kwenye ruta kwa waya. Kisha Wi-Fi ukiwa chumba kimoja na ruta. Kisha chumbani kwako. Namba inapoporomoka, hapo ndipo pa kushughulikia. Ikiwa chini tangu kwenye modemu, sasa una haki ya kupiga simu, tena una ushahidi. Zima VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) kabla ya kupima. Nilishawahi kugombana na ruta nusu siku kumbe ni hiyo.

Hiyo 20 ya chumbani, usikilaumu kifurushi. Simu yako ikiwa mbali huwa inang'ang'ania bendi ya 2.4, ambayo inapenya kuta vizuri lakini ni ya polepole, na majirani wote wamejazana humo, pamoja na maikrowevu ya jikoni. Bendi ya 5 ina spidi, ila ukuta wa zege unaimaliza. Toa ruta nyuma ya televisheni, ipandishe juu, iwe katikati ya nyumba. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, maana hizo tatu haziingiliani. Vile viongezi vya kuchomeka ukutani sivipendi: vya bei ya chini vinapokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo unabaki na takriban nusu. Ukiweza kuvuta waya mpaka chumbani na kuweka ruta ya pili iwe kama kituo cha Wi-Fi tu, fanya hivyo.

Halafu jiulize kama 200 yenyewe unaihitaji. Hizo ni megabiti. Gawa kwa 8, unapata megabaiti 25 kwa sekunde unapopakua faili. Netflix wanapendekeza megabiti 15 kwa picha ya 4K, kwa hiyo hata ile 50 ilitosha televisheni tatu kwa pamoja. Kama kilichokukera ni simu za video kukwama, angalia spidi ya kupakia, ambayo kwenye vifurushi vingi ni ndogo kuliko ya kupakua. Kwangu simu moja ikianza kutuma picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, kikao cha kazini kinageuka roboti. Niliiwekea kikomo kwenye mipangilio ya ruta, kelele zikaisha, na sikuongeza kifurushi.

Chomoa ule waya mfupi sasa hivi, mulika, hesabu nyuzi, urudi utuambie umekuta ngapi.