Schimmelpfennig: mawifi wanasema farasi mweupe, mimi nasema bahili

Dada, umeuliza kama jina la ukoo wa mumeo, Schimmelpfennig, ni la kiungwana na lina farasi mweupe ndani yake kama mawifi zako wanavyodai. Huwa nawasomea watu vitabu vya ubatizo vya makanisa ya Kijerumani, na jina hili nimeshakutana nalo. Farasi msahau.

Ni kweli farasi mweupe huitwa Schimmel, lakini hapa ni ukungu, ule ule wa kwenye mkate uliolala. Pfennig ni senti ya Wajerumani, iliyotumika mpaka euro ilipoingia mifukoni mwaka 2002. Basi hilo ni jina la utani: mtu aliyezifungia senti zake mpaka zikaota ukungu. Mkono wa birika hasa! Zama hizo majirani ndio waliokubandika jina, likikuganda wanao wanalirithi wapende wasipende. Binafsi nayapenda majina haya ya utani kuliko akina Müller na Schmidt, ambao ni wasaga nafaka na wahunzi tu.

Kaskazini mwa Ujerumani p haikugeuka kuwa pf, ndiyo maana utakuta Schimmelpenning, na Uholanzi Schimmelpenninck. Rutger Jan Schimmelpenninck aliiongoza Jamhuri ya Batavia, yaani Uholanzi ya zama hizo, mwaka 1805 hadi 1806. Usikimbilie kumwita babu mkwe, maana wabahili hawakukosekana kijiji chochote. Na wanaouza nembo za ukoo mtandaoni wapite mbali.

Kazi ipo kwenye kuvisoma hivyo vitabu vya kanisa. Katika mwandiko wa zamani wa Kurrent, e inafanana na n, na "imm" inabaki vijiti vitupu vimejipanga. Hesabu vijiti, kisha tafuta nukta ya i. Tafuta pia bila p: Jenerali Alexander Schimmelfennig, Mjerumani wa Prussia aliyepigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, anaandikwa hivyo.

Anza na cheti cha kuzaliwa cha babu yake mumeo, urudi nyuma kizazi kwa kizazi. Usajili wa serikali ulianza Oktoba 1874 kwa Prussia, na Januari 1876 kwa Ujerumani nzima. Kabla ya hapo mara nyingi ni kanisani, na mchungaji aliandika alivyosikia. Kama ni Wakatoliki, jaribu tovuti ya Matricula, ni bure. Vitabu vingi vya Waprotestanti viko kwenye tovuti ya Archion, ila huko unalipia.