Audrey Hepburn hakukulia raha

Yaya, umeuliza kama Audrey Hepburn, yule mwigizaji wa filamu, alikulia raha kwa kuwa mama yake alikuwa wa ukoo wa makabaila wa Uholanzi. Hapana, cheo hakikujaza sufuria. Alizaliwa Ixelles, Brussels, tarehe 4 Mei 1929. Baba aliondoka mtoto akiwa na miaka 6. Vita vilipoanza 1939 mama alimpeleka Arnhem akidhani Uholanzi itabaki salama, lakini Wajerumani waliingia 1940. Mume wa dada ya mama yake alipigwa risasi na Wajerumani 1942.

Baridi ya 1944 na 1945 ndiyo iliyowaumiza kabisa. Chakula kilikatwa, watu wakasaga vitunguu vya maua ya tulipu wapate unga. Binti akapungukiwa damu, miguu ikavimba. Sisi wa Goma, tunaongoja viazi na maharage ya Masisi barabara ikifungwa, tunaielewa njaa ya namna hiyo. Mimi kila nikiona picha yake, ule wembamba wanaousifia unaniuma moyo.

Alitaka kucheza baleti. London 1948 alisomea kwa Marie Rambert, mwalimu wa dansi hiyo, akaambiwa mwili wake hautamfikisha juu. Ndipo akageukia uigizaji.