Pikapu ileile, kilo 357 pungufu

Springi ya nyuma, upande wa kulia, ilikatika tukiwa tumeshaipita Matombo, kwenye barabara ya vumbi inayotoka Morogoro kwenda Kisaki. Hakukuwa na kishindo. Gari lililalia upande mmoja taratibu, na hema lililokuwa juu likavuta uzito wote kuelekea bondeni. Baba Neema alishuka akaweka jiwe nyuma ya tairi. Baada ya saa moja na nusu akafika fundi kijana kwa bodaboda, akatuamkia, akalala chali chini ya bodi. Alipoinuka hakuitazama tena springi. Alitazama juu: keria ya chuma, hema, paneli ya sola, tangi la maji. Akauliza kwa adabu kabisa, “Mama, mnahamia wapi?”

Swali lile nililibeba mpaka nyumbani Kibamba.

Nina duka la chakula cha kuku. Pikapu yangu ni Hilux ya kabini moja, na Jumatatu hadi Jumamosi mchana inabeba pumba, mashudu na dagaa. Kupiga kambi ni kazi yake ya pili. Naandika kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: mwenye gari moja tu, tena la kazi, anayependa kutoka mjini na mwenzake wakalale penye upepo, lakini vifaa vimeanza kumshinda.

Hatukuanza hivyo. Mwaka 2014, Neema akiwa darasa la tano, tulikwenda Kimbiji na godoro, sufuria mbili, dumu la maji na chandarua. Tulilala kwenye bodi sote watatu. Baada ya hapo kila kitu kikazaa kingine. Tulinunua friji ndogo ya gari ili samaki na soda vikae baridi. Friji ikala betri, asubuhi moja gari halikuwaka, wavuvi wakatusukuma. Ikabidi betri ya pili. Hiyo nayo haikuwahi kujaa kwa safari fupi, ikabidi paneli ya sola. Paneli ikataka pa kukaa, fundi wa kuchomelea akatuundia keria ya chuma juu ya bodi. Keria ilipokuwepo tukaona kumbe kuna nafasi ya hema la juu, lile la kukunjua lenye ngazi. Chini ya hema bodi ikabaki tupu, tukaijaza droo za mbao. Hakuna hata kimoja kilichokuwa upuuzi siku tulipokinunua. Kila kimoja kilikuja kutibu ugonjwa ulioletwa na kilichotangulia.

Gharama kubwa haikuwa ile ya dukani. Kuliondoa hema na keria yake kulitaka watu wanne, kwa hiyo viliachwa juu ya gari wiki nzima, miezi minne mfululizo. Magunia hayakuweza kupangwa juu zaidi ya keria. Mteja akiagiza mzigo mkubwa nilikodi kirikuu, huku pikapu yangu mwenyewe imeegeshwa nje ya duka ikibeba hema lisilolaliwa. Na kufunga safari kulichukua nusu siku. Jumamosi ikifika saa nane mchana, tukifikiria droo, nyaya, maji ya tangi na gesi, mmoja wetu alikuwa anasema, “Tuiache mpaka wiki ijayo.” Mwaka ule wa mwisho tulitoka mara mbili tu. Mwaka wa godoro na sufuria mbili tulitoka mara tisa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko springi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hujauza hata kijiko: pima. Mimi nina mizani ya magunia dukani. Wewe ongea na mwenye duka la nafaka mtaani kwako, atakupimia. Tulipima kitu kimoja kimoja, Baba Neema akisoma, mimi nikiandika kwenye daftari la madeni. Hema kilo 68. Keria 90. Droo, bado hazina kitu ndani, 85. Tangi la maji likiwa limejaa, 65. Friji na vilivyomo, 40. Mtungi mkubwa wa gesi peke yake, 30. Viti vinne na meza vilifika 28, ingawa Neema yuko kazini Dodoma sasa na tumebaki wawili. Pamoja na betri ya pili, paneli na vitu vingine, jumla ilikuja kilo 487.

Utasema Hilux inabeba karibu tani moja, kilo 487 ni nini? Nami nilisema hivyo. Lakini kilo 487 za pumba zinakaa chini, zimetulia, na jioni zinashuka. Za kwangu hazikushuka, na zaidi ya 220 kati yake zilikuwa juu, ndiyo maana gari liliyumba kila lilipoingia kwenye shimo. Halafu Jumatatu niliongeza magunia juu ya mzigo uleule. Springi ilikuwa inafanya kazi usiku na mchana, hata gari likiwa limesimama.

Unapoanza kupunguza, usianze na vitu vidogo. Watu huanza na vijiko na vikombe, wanapunguza kilo tatu, wanachoka. Tafuta kile kilichozaa vingine. Kwetu kilikuwa friji. Fanya hesabu nami: betri ya kawaida ya N70 ina kama ampea-saa 70, na betri ya maji hutakiwi kuishusha chini ya nusu, la sivyo unaiua mapema. Umebaki na 35. Friji ikinguruma inavuta kama ampea 4, na kwa joto la Dar inanguruma karibu nusu ya muda wote. Hiyo ni usiku mmoja na asubuhi yake, basi. Nilipoiuza friji, betri ya pili ikakosa kazi, paneli ikakosa kazi, nyaya zikatoka, na keria ikabaki imeshika hema peke yake. Siku nne baadaye hema nalo likapata mtu. (Mwenye dawa za kutunzwa baridini, kama insulini, asiniige hapa. Friji yake ibaki, apunguze kwingine.)

Siku hizi natumia deli, lile boksi la baridi la wauza barafu, la ukubwa wa kati. Alhamisi nagandisha chupa sita za maji za lita moja na nusu. Barafu ya chupa inakaa kuliko vipande vidogo, hailowanishi samaki, na ikiyeyuka unainywa. Deli likikaa kivulini, likafunikwa gunia, na mkaacha kulifunguafungua, linafika Jumapili mchana bado lina baridi. Safari zetu ni za usiku mmoja au mbili, kwa hiyo tunahitaji hapo tu.

Kitanda ndicho kilichonichukua muda kukipata sawa, na hapa nitakaa kidogo.

Bodi ya kabini moja ina urefu wa kumtosha mtu mzima kulala amenyooka. Wa kabini mbili watalazimika kushusha mlango wa nyuma na kuupitilizia ubao. Tatizo ni yale matuta mawili ya matairi yanayotokeza ndani. Ukitandika godoro sakafuni, mnabanwa katikati yake, na mizigo haina pa kwenda. Nilikwenda kwa fundi seremala Keko na kipande cha kamba nilichokifunga mafundo kwa vipimo vya bodi. Akanitengenezea meza tatu fupi za plaiwudi ya milimita 18, kila moja na miguu ya mbao ya sentimita 35, juu kidogo ya matuta. Zikipangwa zinakuwa kitanda kimoja. Kila meza ina kilo kama 11, naibeba mwenyewe bila kuita mtu. Mchana moja inatolewa nje inakuwa meza ya kulia. Chini ya kitanda vinaingia deli, madumu mawili ya maji, jiko na boksi la vyombo. Mwambie fundi azungushe kingo kwa msasa na apake vanishi pande zote, hata chini, kwa sababu unyevu wa baharini unaanza kula plaiwudi kwenye kingo. Na aitoboe matundu mapana kidogo, godoro lipumue. Langu la kwanza liliota ukungu kwa chini ndani ya miezi miwili.

Juu ni mabomba matatu yaliyopindwa, yanayochomekwa kwenye ubavu wa bodi, na turubai. Chukua turubai zito la kitambaa, kama la malori, hata kama bei inakuzuia kidogo. La plastiki nililijaribu. Usiku lilipiga kelele kwa kila pumzi ya upepo, na alfajiri mvuke wa pumzi zetu ulikuwa umegeuka matone kwa ndani unatudondokea. Nyuma na mbele nimeacha wazi, chandarua kimening'inizwa kwenye mabomba na kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Kuanzia kama Mei mpaka Septemba kusi ikivuma, elekeza mdomo wa kabini kusini, kabini iwakinge. Kaskazi ikishika, geuza.

Kwenye mizani, kila kitu kwa pamoja, maji yakiwemo, kilikuja kilo 130.

Usiku wa kwanza wa mpango huu tulirudi Kimbiji, kwa makusudi. Tulipitia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kujitambulisha, jambo ambalo usiliruke popote unapokwenda. Si kwa usalama wako tu, ni adabu ya mgeni. Tukaegesha chini ya mivinje, mbali na minazi, maana nazi ikidondoka haichagui. Jua linazama nikiwa napuliza jiko, akapita mzee mvuvi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Mnajua leo mwezi una siku ngapi?”

Hatukujua. Akatuonyesha mzizi wa mvinje, hatua tatu nyuma ya gari letu, upande wa nchi kavu. “Hili bamvua. Alfajiri maji yatalala hapo.”

Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mtu akija wakati wa maji mafu, bahari isipopanda sana, anaweza kuegesha mahali akalala salama wiki hii, wiki ijayo palepale pakawa bahari. Tulisogea. Nataka uone jinsi tulivyosogea: nilibeba jiko kwa koleo, Baba Neema akatia mkeka ndani, akawasha gari. Dakika tano. Hema la juu kulikunja kulituchukua dakika arobaini kukiwa na mwanga. Saa kumi alfajiri niliamka nikasikia maji karibu mno, nikamulika tochi. Povu lilikuwa linagusa ule mzizi na kurudi, linagusa na kurudi. Nikarudi kulala.

Nilikosea mahali pawili. Nilipouza betri ya pili niliuza na pampu ya upepo, nikidhani ni sehemu ya makorokoro. Kwenye mchanga mlaini unashusha upepo wa tairi mpaka kama PSI 18, gari linapita. Tulipita vizuri. Lakini tulirudi barabarani tairi zikiwa laini, na tukatambaa mpaka tulipompata fundi pancha, tairi moja ikiwa imeshaumia ubavuni. Nimenunua pampu nyingine, ndogo, ya kuchomeka kwenye betri ya gari. Hiyo na koleo la kuchimbia havitoki tena kwenye gari.

Kosa la pili lingetuua, na naomba ulisome pole pole. Usiku mmoja wa masika mvua ilitushusha mapema, nikaingiza jiko la mkaa chini ya turubai lipate kukauka, makaa yakiwa yameanza kufifia. Nikafunga turubai nyuma kwa sababu ya mvua. Baada ya muda kichwa kilianza kunigonga, nikadhani ni uchovu. Baba Neema alikuwa anajibu maneno yangu kwa shida. Nililifungua turubai kwa kisu badala ya kutafuta kamba. Mkaa, hata unaofifia, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na turubai lililofungwa ni sawa na chumba kilichofungwa. Jiko linabaki nje. Likilowa, lilowe, mtakunywa chai ya chupa.

Ijumaa jioni meza tatu ziko dukani nyuma ya magunia ya pumba, turubai limekunjwa juu yake, boksi la vyombo halifunguliwi katikati ya wiki. Jumamosi saa nane nafunga duka, kijana wangu anafagia bodi, na saa tisa kasorobo tunakuwa tumeshaingia barabarani. Mwaka huu tumetoka mara kumi na moja, na kirikuu sijakodi hata mara moja.

Neema anakuja likizo mwezi wa 12. Alipiga simu kuuliza kama hema la juu lipo bado. Nimemwambia kuna hema dogo la chini, la mtu mmoja, na kwamba njiani atakaa katikati yetu, magoti yakigusa gia, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa darasa la tano.